Bata Dume wa Memsahibu

Miaka ile ya hamsini, benchi letu la Mwanjelwa, mbele ya jiko la kahawa la Sedekia, lilikuwa na wenyewe: Redio, ambaye habari hazilali tumboni mwake, na Hakimu, aliyewahi kufagia mahakama na tangu hapo hukumu zote ni zake. Asubuhi moja ya mvua akaja Yotamu, mlezi wa bata wa mapambo wa memsahibu mmoja, amebeba sanduku la bati. Alikuwa anasubiri lori la Chunya, akimbie. Nilimhurumia kwa kweli, maana bata wale aliwatotolesha mwenyewe, mayai ya kuagizwa akiyalaza chini ya kuku.

— Kulikoni, ndugu yangu? Sedekia akauliza.

— Bata dume kaibiwa! Yule mwenye manyoya ya rangi ya chungwa mgongoni. Ndiye dume wetu wa kwanza. Nimetoka kuugua, leo narudi bandani nilimomwacha na jike wake, nakuta wawili wa kijivu, wote sura ya jike. Mwizi kaniachia jike lake! Memsahibu anarudi leo kutoka Iringa. Atasema nimemuuza.

— Watu wa malori hao, Redio akadakia. Huko Chunya wanayaloweka manyoya yale, yanaonyesha dhahabu ilipo.

— Acha uongo! Hakimu akasema, amekalia sanduku la Yotamu. Hakuna mwizi. Dume kageuka jike. Ni baridi ya huku, hata mimi asubuhi sijielewi.

— Basi nimekwisha! Nani atamwambia memsahibu hivyo?

— Wale wanapakwa rangi Ulaya, Redio akazidisha. Ikipata mvua, kwisha!

Hapo Tusekile, muuza mayai wa Ilomba, akatua kikapu chake aagize kahawa.

— Kaka Yotamu, dume wako hakuwa na alama?

— Pete mguuni. Wote nawavisha wangali vifaranga. Mguu ukishakua, haivuki vidole.

— Na hawa wa kijivu, miguuni wana nini?



— Wana pete. Wote wawili.

— Sasa huyo mwizi alimvishaje jike lake?

Redio akachungulia kikombe chake.

— Na bandani, Yotamu akasema polepole, manyoya ya chungwa yamejaa chini. Nikadhani alipigana na mwizi.

— Kuku wangu pia hunyonyoka, Tusekile akasema. Huota mengine. Mmoja wa hao wa kijivu ndiye dume wako.

Yotamu akacheka huku machozi yanamtoka, nasi tukacheka naye, roho zimetulia. Lori la Chunya likapiga honi. Hakuligeukia.

— Hakimu, inuka, akasema. Nipe sanduku langu. Bata hawajala.