Siku Niliyovua Shati

Ndugu zangu waumini wa kigango hiki, nawasalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha salama na baridi hii. Mimi ni Venanti, wa hapa hapa Murusagamba. Wengine mnanijua kwa migomba yangu, wengine kwa ulevi wangu wa zamani. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa katika ugumu wa moyo. Sitaongeza chumvi.

Mnakumbuka ndugu zetu wa Burundi walipovuka mpaka kwa wingi. Walilala madarasani na pembeni mwa mashamba yetu kabla ya kupelekwa kambini. Kila mtu alihitaji kupika na kuota moto, na miti ya karibu ikaisha. Mama aliyezoea kuokota kuni nyuma ya nyumba sasa alitoka asubuhi akarudi mchana na mzigo mdogo. Wazee wasio na nguvu walikaa bila moto, na baridi ya mwezi wa sita huku kwetu mnaijua. Ndipo jumuiya yetu ikakubaliana kwamba kila nyumba itoe gogo moja kila Jumamosi kwa ajili ya wazee, wagonjwa na wageni wenye watoto wachanga.

Mimi nilikataa. Nilikuwa na mikaratusi yangu, nimeipanda kwa mikono yangu. Mwenyekiti wa jumuiya alipokuja nilimwambia, "Kila mtu aote moto wake." Mke wangu Anjelina aliinamisha kichwa kwa aibu. Ndugu zangu, tulikuwa tumezika watoto wawili, na tangu tumzike wa pili sikutaka kusikia shida ya mtu mwingine. Nilikwenda kunywa pombe ya ndizi, nikirudi nalala. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu.

Mwezi huo huo wa sita Anjelina alishikwa na uchungu, mimba ikiwa na miezi saba tu. Gari halikuwapo, na barabara yetu mnajua ilivyo. Jirani alikimbia kumwita Mama Spesioza, mkimbizi aliyekuwa mkunga kwao Burundi. Tulielewana naye vizuri, kwa maana Kihangaza chetu na Kirundi chao havipishani sana. Alimzalisha mke wangu asubuhi, mtoto wa kike, njiti, mdogo hata nikaogopa kumtazama. Muuguzi wa zahanati alikuja kwa miguu, akampa Anjelina dawa, maana alikuwa ameshikwa na homa na kutetemeka. Alisema kumsafirisha mtoto yule kwenye upepo wa barabarani ni kumuua.

Nilianza kuwasha moto mkubwa chumbani. Mama Spesioza akanizuia.

"Acha, baba. Moto utamchoma upande mmoja na moshi utamziba pumzi. Huyu anataka joto la mwili wa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku."

"Mama yake anatetemeka. Atamshikaje?"

"Basi watamshika wengine."

Alikwenda kwa akina mama wa jumuiya, wale wale niliowafungia mlango. Wakaja wanne. Walijigawia zamu. Mmoja akimweka mtoto kifuani chini ya kitenge, mwingine anakamua maziwa ya Anjelina na kumdondoshea mtoto kwa kijiko, mwingine anapika uji. Hakuna aliyenikumbusha maneno yangu.

Siku ya pili alikuja Bibi Leokadia. Ni mjane, mgongo umepinda, ni mmoja wa wale waliopelekewa magogo. Alikuwa amebeba gogo kichwani.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kwako kuna mgonjwa. Mimi kuni zangu za wiki hii zinanitosha."

Alilitua mlangoni akaondoka taratibu. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na miti isiyopungua thelathini.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Mke wa mwenyekiti alikuwa amefiwa na kaka yake ng'ambo ya kilima, na akina mama wote walitakiwa msibani. Mama Spesioza alibaki, lakini alikuwa amembeba mtoto tangu jioni iliyopita, macho yamemwiva. Tena alitakiwa kumhudumia Anjelina, ambaye homa yake ilikuwa imepanda. Akaniambia, "Vua shati."

"Mimi ni mwanamume, mama."

"Mtoto hajui."

Ndugu zangu, nilivua. Alinifunga mtoto kifuani kwa kitenge cha mke wangu, akanivika blanketi juu, akanikalisha kitini. "Usilale," akasema. "Akinyamaza sana msugue nyayo." Mtoto yule alikuwa mwepesi kama kifaranga. Nilisikia moyo wake ukienda mbio juu ya wangu.

Kabla ya saa sita, Petro, rafiki yangu wa kunywa naye, akachungulia mlangoni. Aliona kitenge, akacheka sana. "Venanti, siku hizi unanyonyesha?" Wakati ule ule nilihisi kifua cha mtoto kimetulia. Hapumui. Nikaitoa miguu yake nje ya kitenge, nikaanza kusugua nyayo kwa kidole gumba. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Mama Spesioza alikuja mbio akanishika mkono, lakini hakumchukua. "Endelea, usiache," alisema.

Sikuwa nimeomba tangu tulipomzika mtoto wa pili. Siku ile niliomba maneno machache tu. Nilisema, "Bwana, huyu usimchukue. Nichukulie kiburi changu." Nikaendelea kusugua. Halafu mtoto akapiga chafya. Akavuta pumzi, akalia kilio chembamba kama cha paka. Nililia mbele ya Petro. Naye hakucheka tena. Alivua koti lake akanifunika mabegani, akaketi na mimi mpaka jioni akinisemesha nisisinzie.

Anjelina alipata nafuu baada ya wiki moja. Mtoto alikaa vifuani mwa watu zaidi ya mwezi, na mchana mwingi ulikuwa wangu. Tulimbatiza Fausta. Leo ana miaka mitatu, ndiye yule anayevuta kitambaa cha mama yake pale mbele. Mama Spesioza alihamishiwa kambini, nasi humtembelea. Pombe nimeacha. Mikaratusi mnaijua ilikokwenda.

Nasema asante kwa Mungu, na kwa ninyi mliokuja bila kuniuliza nilistahili au la. Kama kuna mtu hapa ameufunga moyo kwa sababu ya msiba, namwambia amtegemee Bwana. Hatadharauliwa. Mimi nilimwendea bila shati na alinisikia.

Jambo la mwisho. Kule bondeni kuna mama mmoja mkimbizi, ameingia juzi, amejifungua pacha kabla ya siku. Baba yao hajulikani alipo tangu wavuke mpaka. Mama mwenyewe ni dhaifu, na amekubali kusaidiwa. Akina mama wamekwisha kujigawia zamu za usiku. Mchana wanatakiwa watu wawili. Mmoja ni mimi. Tukitoka hapa nitasimama mlangoni, namngoja wa pili.