Bi Nionyeshe na Darasa Walilosema Halifundishiki

Ijumaa hii, tarehe 30, mkufunzi mwandamizi wa uuguzi ambaye chuo kizima kinamwita Bi Nionyeshe anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Barua aliyoandikiwa inasema anaondoka "kwa sababu ya umri." Aliisoma mbele ya wenzake, akaikunja, akaitia mkobani. "Umri ndio uliochoka," alisema. "Mimi hata sijaulizwa."

Kamati ya sherehe ilimwomba mama yangu, mwanafunzi wake wa zamani, aandike wasifu huu. Mama alisema mkono wake umezoea chati za wagonjwa, akanikabidhi mimi kalamu. Nimeandika niliyoyasikia kwake na kwa walimu wenzake, na wao wameyasoma na kuyakubali.

Lazima tuanze na jambo ambalo si la sherehe. Kwenye ubao wa ofisi kuna tangazo kwamba darasa la wahudumu litaunganishwa na la vijana waliotoka shule, katika ukumbi mkubwa, watu mia na arobaini, kipaza sauti kimoja. Darasa la wahudumu ni la watu wazima wanaopiga deki wodi, wanaosukuma vitanda na kufua mashuka, ambao saa nane mchana huvua mabuti ya mpira na kuingia darasani kusomea uuguzi msaidizi. Wanaojua mambo wanajua kwamba kuliunganisha ni kuliua. Mkuu wa chuo atakuwa ameketi mstari wa mbele akisoma karatasi hii. Tunampa shikamoo yake kamili, na tunaendelea.

Bi Nionyeshe alianza kazi kama muuguzi wa wodi ya watoto. Alikuwa hodari wa kupata mshipa kwenye mkono mdogo kuliko kidole gumba chake. Baada ya miaka minane akahamishiwa chuoni, kwa hesabu ileile ya siku zote: anayejua kufanya, basi anajua kufundisha. Yeye mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba miaka mitatu ya mwanzo alifundisha vibaya sana. Aliingia na daftari lililoanza kuwa la manjano, akasoma, wanafunzi wakanakili. Mwishoni aliuliza, "Mmeelewa?" Darasa likajibu kwa pamoja, "Ndiyooo!" Akafunga daftari, akaenda kunywa chai.

Katika mwaka wa nne alikuwa na mwanafunzi wa miaka arobaini na minne, aliyekuwa amegawa dawa zahanati kwa miaka ishirini. Wanafunzi wenzake, vijana, walimwita Mjomba. Siku moja Bi Nionyeshe alifundisha vipimo vya sindano za watoto, akaeleza habari ya nukta katika namba, akauliza swali lake, akajibiwa ndiyo. Kesho yake wodini, chati ya mtoto wa miezi saba iliandikwa 0.5, yaani nusu mililita. Mjomba alivuta tano. Bi Nionyeshe alikuwa amesimama karibu, akamshika kifundo cha mkono sindano ikiwa hewani.

"Jana si ulisema umeelewa?"

"Mwalimu, darasa zima lilisema ndiyo. Mimi na mvi hizi niseme hapana peke yangu, watoto wanicheke?"

"Na hii nukta hukuiona?"

"Niliiona. Nilidhani ni uchafu wa nzi."

Mtoto hakudhurika. Bi Nionyeshe alimpeleka Mjomba nje ya pazia, akamwuliza swali ambalo hakuna mkufunzi aliyewahi kumwuliza: huko zahanati ulikuwa unapimaje? Akaelezwa kwa ufasaha wote habari ya vijiko, vifuniko vya chupa na mistari iliyochorwa kwa kalamu kwenye vikombe. Mtu huyu alikuwa anapima dawa kabla Bi Nionyeshe hajamaliza shule. Alichokosa ni nukta moja tu, na aliyemkosesha ni mwalimu aliyeridhika na ndiyo.

Tangu asubuhi ile hakuuliza tena "Mmeelewa?" Badala yake alisema neno moja, "Nionyeshe," ndipo akapata jina. Jina lilimfuata mpaka nyumbani. Mkwe wake anasimulia kwamba siku alipokuja kujitambulisha alijigamba kuwa anajua kupika. Mama mkwe akampa sufuria na kiberiti. Wali uliungua chini ukabaki mbichi juu, lakini posa ilipokelewa, kwa kuwa kijana aliula wote bila kulalamika.

Bi Nionyeshe aliwaombea wahudumu chumba cha darasa, akapewa iliyokuwa stoo ya mashuka. Mume wake, seremala, alikata miguu ya madawati ya zamani ili yaingie kwa duara. Darasa halikuwa na mbele wala nyuma. Kila somo lilianza kwa "Wewe huwa unafanyaje?" na watu waliokuwa wamenyamaza wodini miaka kumi wakaanza kubishana jinsi ya kumgeuza mgonjwa mzito bila kuvunja mgongo. Alisahihisha makosa bila kumwonea mtu haya, ila hakumsahihisha mtu mbele ya kitanda. Kwa madaktari waliozoea kufokea wanafunzi wakati wa kupitia wagonjwa alisema, "Usimtukane mtu mbele ya mgonjwa atakayemchoma sindano kesho."

Si kila mtu alifurahi. Msimamizi wa mafunzo wa wakati huo alimwita ofisini kuhusu kelele za stoo. "Mama, tusidanganyane. Samaki mkunje angali mbichi. Hawa wameshakauka."

"Sikuajiriwa kukunja samaki," alijibu. "Niliajiriwa kufundisha watu."

Jibu hilo lilimletea barua. Arudi kwenye safu za madawati na daftari, au arudi wodini. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba hatarudi kwenye safu, na wodini anapapenda, kwa hiyo wachague wao. Bodi ikampa muhula mmoja. Wahudumu kumi na tisa wangefanya mtihani mbele ya watahini kutoka nje. Wakifaulu chini ya kumi, darasa linafungwa na stoo inarudishiwa mashuka yake.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na sita alikuwa ameosha chumba cha kuzalishia. Mtahini alimwuliza: "Taja kwa mpangilio hatua za kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua." Mama alimtazama mwanasesere wa mazoezi aliyelazwa mezani. Bi Nionyeshe alikuwa kwenye kiti cha ukutani, amekatazwa kusema hata kukohoa. Hatimaye mama akatoa neno moja, kwa sauti ya kuomba ruhusa: "Nionyeshe?"

Mtahini akavua miwani. "Mama, mtahini ni mimi. Nikuonyeshe nini tena?"

"Siyo wewe unionyeshe. Mimi nionyeshe."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na kicheko kikamfungua mikono. Alimchukua mwanasesere, akamkausha, akamsugua mgongo, akamlaza kichwa sawasawa, akambana barakoa puani na mdomoni, akaanza kubonyeza mfuko wa hewa huku akihesabu kwa sauti, na dakika moja ilikuwa haijaisha. Katikati ya kuhesabu alimwambia mtahini, "Baba, sogea kidogo, unaniziba mwanga." Mtahini akasogea. Walifaulu kumi na saba. Wawili waliobaki walirudia mwaka uliofuata wakafaulu, na mmoja wao sasa ndiye anayepanga zamu za wodi ya wanaume, muulizeni mtu yeyote anayetaka likizo.

Baada ya hapo Bi Nionyeshe aligeukia walimu wenyewe, ambao ndio wanafunzi wagumu kupita wote. Kila Jumatano alasiri aliwaita madaktari, wafamasia na wauguzi wanaofundisha, na somo la kwanza alimpa mama mmoja wa chumba cha kufulia aliyekuwa fundi wa kufuma vitambaa. Aliagizwa afundishe kama wanavyofundisha wao. Mama wa watu akasimama mbele, akawapa mgongo, akasema haraka haraka, "Minyororo sita, unganisha, ruka mbili, ingiza, vuta, rudia. Mmeelewa?" Daktari bingwa wa upasuaji, ambaye mishono yake husifiwa, alijibu ndiyo kabla ya wote. Akapewa uzi. Baada ya robo saa alikuwa amefunga kidole chake na kalamu yake pamoja. "Kumbe na mimi nilidanganya," alisema. Mama wa kufulia akamjibu, "Pole mwanangu, na mimi nilifokewa hivyohivyo mwaka jana, na wewe." Watu walisema kicheko cha daktari kilichelewa kidogo, lakini kilikuja. Hajakosa Jumatano mpaka leo.

Tusimfanye malaika. Ripoti zake zilichelewa miaka yote thelathini na mitatu. Katika vikao virefu alisinzia waziwazi, na akiamshwa aliuliza kama kuna mtu ameelewa kitu. Aligombana na kila mhasibu wa chuo juu ya vifaa vya kufundishia, na mwanasesere wa sasa mwenye mguu wa sponji ni ushahidi kwamba hakushinda mara zote. Waliopita mikononi mwake ni zaidi ya mia nne. Yeye hapendi namba hiyo. Akiambiwa huuliza, "Na walioacha ni wangapi? Nani aliwafuata nyumbani?" Wengine aliwafuata mwenyewe, kwa miguu, na kurudi nao.

Turudi kwenye tangazo. Wiki iliyopita wahudumu ishirini na wawili waliojiandikisha mwaka huu walimpelekea mkuu wa chuo barua, kila mmoja kwa mwandiko wake, wakisema hawataingia ukumbini kuitikia ndiyo. Walimu saba, daktari wa upasuaji akiwamo, wameandika majina yao chini ya barua hiyo na kugawana vipindi. Kipindi cha kwanza, Jumatatu saa nane mchana, atafundisha mama yangu, mmoja wa hao saba. Jibu la ofisi bado halijaja. Vipindi havilisubiri.

Wahudumu walimwomba Bi Nionyeshe aje Jumatatu, hata kama mgeni tu. Alikataa. "Nikija mtaniangalia mimi. Angalianeni nyinyi." Wengine walilia, naye akawaambia walie upesi kwa sababu ana safari ya kwa dada yake.

Mwalimu, ahsante kwa kumshika Mjomba mkono bila kumwaibisha. Ahsante kwa stoo. Ahsante kwa kukataa kuridhika na ndiyo zetu. Tunakuombea asubuhi ndefu, chai isiyopoa ukiwa unatafuta chaki, magoti yenye nguvu na wajukuu wabishi kama wewe. Darasa usiliwazie. Wakitunyima chumba tutakaa koridoni, tuone nani atatuambia tunachafua: wanaoipiga deki korido hiyo kila alfajiri ndio haohao watakaosomea humo.