Almasi Niliyofunga Kwa Paja

Asanteni kwa kunipa nafasi hii, na asanteni zaidi nyinyi wa kule nyuma ambao mmeanza kucheka kabla sijasema neno. Najua mnajua. Lakini kuna wageni hapa leo, kuna vijana waliozaliwa tukiwa tayari tumegawana shamba hili, na mwenyekiti ameniambia nisimame niseme yote bila kuficha. Basi nitasema yote. Majina ya watu sitataja. Jina la kutajwa kwa ujinga huu ni langu tu, na hilo mnalo.

Kabla ya uhuru na miaka michache baada yake, mimi nilikuwa mpishi katika nyumba hii tuliyoketi ndani yake. Hapa nilipo palikuwa pa meza ya kulia chakula. Mzungu mwenye shamba alipoamua kurudi kwao, alituita nyuma ya jikoni akagawa vitu. Mtunza farasi alipewa makoti mawili. Dereva alipewa saa ya ukutani. Mimi nikapewa kifuko kidogo cha ngozi, na ndani yake kitu kama kalamu, mpini wa mti na kichwa cha shaba.

Akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe tunza hii sana. Ndani iko almasi."

Ndugu zangu, nawaambia, sikusikia neno lingine siku hiyo. Almasi niliijua. Pete ya memsahib, mke wake, iliwahi kuanguka ndani ya unga wa ngano, na jikoni kote kukapekuliwa, hata viatu vyangu. Kile kipande cha almasi kwenye pete kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Nikajiuliza, kama punje ile ilifanya watu wazima wapige magoti na kuchungulia chini ya jiko, hii iliyofichwa ndani ya shaba si itakuwa kubwa zaidi?

Wakati huo ndio wafanyakazi walikuwa wanajikusanya wanunue shamba kwa pamoja. Huyu mwenyekiti wetu alikuja mlangoni kwangu mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Mzee, jina lako bado haliko. Tunafunga orodha Jumamosi."

Nikamwambia, "Nyinyi nunueni hapa chini. Mimi nitanunua ile sehemu ya juu yenye mto. Na wewe usihangaike, nitakuandika kazi ya kuangalia kuku."

Sasa anacheka. Siku ile hakucheka. Alivaa kofia yake, akaenda.

Mke wangu alisikia kila kitu kutoka ndani. Akaniuliza, "Hiyo almasi umeiona?"

"Iko ndani."

"Nimekuuliza kama umeiona."

Niliona hilo swali ni la mtu asiyejua mambo ya mali.

Nikapanga safari ya Eldoret kwenda kuiuza. Niliogopa wezi, kwa hivyo nikaifunga kwa paja kwa kitambaa, nikaikaza sana, na nikawa nachechemea. Barabara yote watu walinihurumia. Kwenye lori la maziwa mama mmoja aliyetoka upande wa Kaptagat aliniachia mahali pa kukaa, na mzee mwingine akaniombea ule mguu upone. Nikasema amina. Ningefanya nini?

Sonara mjini alikuwa Mhindi mzee, mpole sana. Ilibidi niombe kwenda nyuma ya pazia nivue suruali kwanza ndipo nimtolee. Alikishika kile kitu kwa vidole viwili, akaweka kile kioo chake cha jicho, akatazama, akanirudishia.

"Mzee, hii ni kikatio ya kioo. Ya dirisha."

"Lakini ndani kuna almasi."

"Iko. Kidogo sana, hapa kwa ncha. Lakini hii si ya kuuza, hii ni ya kazi." Akaona sura yangu, akaniwekea kiti. "Sikia. Almasi iko namna mingi. Moja ni ya kidole ya bibi. Ingine wanaweka kwa mashine ya kutoboa mwamba, kutafuta maji. Ingine ya kunoa chuma. Ingine inasoma sahani ya santuri. Yako inakata kioo. Kwani wewe unafikiri almasi ni nini? Ni ndugu ya makaa. Makaa tu, imebanwa sana chini ya ardhi."

Mtu mwenye akili angeshukuru na kwenda nyumbani. Mimi nilitoka pale nimeshika neno moja tu: makaa. Makaa ninayo, nikasema. Gunia zima.

Msiniulize kwa nini. Nilirudi, nikayafunga makaa yote ndani ya gunia lake, nikayaweka chini ya mguu mmoja wa tangi la maji, mahali penye uzito kuliko pote. Nikangoja wiki mbili. Siku niliyochimbua nilikuta unga mweusi, na tangi limeinamia upande wa jikoni, maji yanamwagika mlangoni.

Mke wangu alisimama kwenye matope akasema pole pole, "Kwa hivyo almasi hatuna, na makaa ya kupikia pia hatuna."

Hakugomba. Alikunja nguo, akachukua watoto, akaenda kwa mama yake. Alisema, "Ukiwa tajiri, niite."

Hapo ndugu zangu nisiwachekeshe sana. Ule ulikuwa wakati mbaya. Wenzangu walipiga kura ya mashamba, kila mtu akaonyeshwa mpaka wake. Nilikuwa nawaona wanapiga vigingi, wanaitana, wanabishana kwa furaha. Mimi nilibaki katika chumba cha nyuma ya jikoni, kwenye nyumba ambayo haikuwa ya bosi wangu tena. Nilikuwa napita njia ya nyuma nisikutane na mtu. Kanisani niliacha kwenda. Kile kikatio nilikitupa chini ya sanduku, sikutaka kukiona.

Nyumba hii mkaifanya shule. Halafu ikaja mvua ya mawe, mnaikumbuka, ile iliyolaza mahindi yote. Madirisha ya upande huu yakavunjika karibu yote. Watoto walikuwa wanasoma wamejifunika magunia. Kamati ikanunua vioo mjini vilivyokatwa kwa kipimo, na barabara ikavivunja. Wakanunua tena, vikaja vizima lakini havikuingia kwenye fremu, maana fremu za nyumba hii hakuna mbili zilizo sawa.

Mwalimu, mama yule aliyeketi pale, akaja mpaka mlangoni kwangu. Hakuzunguka. "Mzee, si wewe una kile kitu chenye almasi?"

Nikafikiri anakuja kunicheka. Nikamwambia ninacho, lakini hakina maana.

"Kinakata kioo?"

"Wanasema."

"Basi njoo ukate."

Nilivunja vioo vitano siku ya kwanza. Nilikuwa nabonyeza kama mtu anayekata nyama. Jioni mwalimu akanipa nauli, akaniambia niende nikaulize. Nikarudi kwa yule sonara, na safari hii nilitembea vizuri. Akanituma kwa fundi mmoja wa vioo, mzee asiyependa maneno. Nilikaa naye siku nne. Alinifundisha: chovya ncha kwenye mafuta ya taa. Pitisha mara moja tu. Usibonyeze, almasi ndiyo inafanya kazi, wewe unaiongoza. Na usirudie mstari, ukirudia umeharibu.

Niliporudi, niliweka kioo juu ya dawati, nikaweka rula, nikapitisha. Ililia kama kitambaa kinachopasuliwa. Nikagonga kidogo kwa chini, nikashika pande mbili, na kioo kikaachana sawasawa, kimenyooka. Nilikiingiza kwenye fremu, kikaingia. Nilikaa chini sakafuni hapo. Watoto wakamwita mwalimu, walidhani nimejikata.

Nilifanya madirisha yote ya upande huu. Katikati ya kazi, siku moja nikaona mke wangu mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua sufuria yake. Alinitazama nikihangaika na kioo kirefu peke yangu.

Nikamwambia, "Shika hapo."

Akauliza, "Nishike wapi?"

Alishika. Tulimaliza dirisha lile, akauliza la pili liko wapi. Sufuria hatukuizungumzia.

Baada ya hapo kazi haikukauka. Watu walikuwa wanajenga kila mahali, kutoka Kaptagat mpaka mjini. Na mwanachama mmoja alipohama, kamati ilikaa, na mwenyekiti, ambaye nilitaka kumwandika kazi ya kuku, ndiye aliyesema nipewe nafasi niingie. Ni ile sehemu ya mawe, hata mbuzi anapita akifikiria. Lakini ni yangu, na naipenda.

Namshukuru yule sonara, ambaye hayuko hapa, kwa kunipa kiti siku niliyostahili kufukuzwa. Namshukuru fundi. Namshukuru mwalimu, aliyekuja kugonga mlango ambao wengine walikuwa wanaupita. Mwenyekiti, nisamehe, na asante. Na mama wa watoto wangu, anajua.

Kwa vijana nina neno moja. Ukipewa kitu, kabla hujauliza kitauzwa kwa nani, uliza kinafanya nini. Halafu kitumie, hata kama utavunja vitano vya kwanza, na usione aibu kwenda kufundishwa.

Nimemaliza. Mke wangu ananionyesha kwa mkono nikae, na mimi siku hizi akisema kitu nasikia mara ya kwanza.