Msimu wa Kwanza wa Tavion Broussard

Benchi la dukani kwa Doreen, kwenye kona ya mtaa wa Lagrange mjini Toledo, lina wenyewe. Ukikalia sehemu ya Emmett Sobczak hutafukuzwa, ila utatazamwa mpaka kahawa ikupalie. Emmett ndiye Kocha, ingawa maisha yake yote alifanya kazi kiwanda cha vioo na hajawahi kumfundisha mtu hata kufunga kamba za viatu. Kulia kwake hukaa Ray Ferencz, aitwaye Hesabu kwa ajili ya tarakimu anazomwaga, nyingine za kweli. Kushoto ni Lorraine Tibbs, yaani Redio, dereva mstaafu wa basi la shule, ambaye hupiga simu kwenye kipindi cha michezo mara nyingi hadi mtangazaji anamjua kwa pumzi. Jumatatu ile ya Januari, theluji ikiwa imefika magotini, wote watatu walifika donati zikiwa bado kwenye mafuta. Msimu ulikuwa umeisha jana yake. Timu yao ya futiboli ya Kimarekani, Tanuri, ilikuwa imekosa mtoano kwa mechi moja tu, na redio ya alfajiri ilikuwa imetangaza jambo lililomkata Emmett hamu ya kula: timu moja tajiri ya California inamtaka Tavion Broussard, kwotabeki wao wa miaka ishirini na miwili, na kijana mwenyewe hajakataa.

— Hajakataa, lakini hajakubali pia, Emmett akasema. Tusianze kulia.

— Nani analia? Lorraine akamjia juu. Macho yangu yanatoa maji kwa baridi.

— Humu ndani kuna joto, Redio.

— Basi ni vitunguu.

— Kwenye duka la donati?

Doreen, nyuma ya kaunta, akacheka akiwamiminia kahawa. Ray akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia.

— Sikilizeni. Kazi ya kwotabeki ni kushika mpira kila shambulio linapoanza na kuamua: aurushe, aukabidhi kwa mwenzake, au atimue nao mwenyewe. Sawa? Uamuzi huo unataka sekunde tatu. Mwezi wa tisa dogo alikuwa anachukua nne. Ndiyo maana alikuwa anaangushwa kama gunia. Tukapoteza mechi tano za mwanzo.

— Na mipira yake inanyakuliwa na wapinzani, Lorraine akadakia.

— Wewe ulimwitaje redioni wakati ule? Ray akamuuliza.

— Sikumbuki.

— Ulimwita sinia la harusini! Emmett akapiga goti lake. Ukasema likipita kila mtu anachukua kipande!

— Nilisema kwa mapenzi, Kocha. Na mwezi wa kumi na moja nilipiga tena nikasema huyu mtoto ana macho kisogoni. Hilo mbona hulitaji?

Hilo walikubaliana wote. Hakuna aliyekuwa amesahau mechi ya Buffalo, theluji inaanguka mpaka mistari ya uwanja haionekani, Tanuri iko nyuma, dakika zimebaki chache na jaribio ni la mwisho. Walinzi wa Tavion walikuwa wamepasuliwa katikati. Jitu moja limemshika kiunoni, jingine limeng'ang'ania mkono wake wa kulia.

— Akahamishia mpira kushoto, Ray akasema kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani.

— Kushoto! Lorraine akaitikia.

— Mimi kwa mkono wa kushoto siwezi hata kujikuna, Emmett akasema. Yeye akaurusha yadi ishirini, ukamkuta mpokeaji kifuani kama umetumwa na posta.

— Posta ya hapa kwetu? Ungefika Pasaka.

Wakacheka, halafu kila mmoja akautazama mpira ule ukipaa tena kichwani mwake. Tangu siku ile Tanuri ilishinda karibu kila wiki. Mwaka uliopita walishinda mechi mbili msimu mzima. Emmett alikuwa ameshaitoa televisheni sebuleni kwa hasira, akairudisha kwa ajili ya kijana huyu, na mgongo ukamuuma wiki nzima bila kujuta.

— Mnajua siri yake? Ray akarudi. Mkono wake wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Nimepima kwenye picha.

— Umepima kwa kitu gani, kijiko? Emmett akauliza.

— Kwa rula, bwana!

— Hapana, Lorraine akasema. Siri ni kwao Louisiana. Kule wanakua wanawarushia mamba vitu. Ukimkosa mamba, hukui.

— Nyote mmepotea, Emmett akatangaza. Dogo anaongea na upepo. Umeona anavyosimama kabla ya kuanza, kichwa amekiinamisha? Anausikiliza. Upepo wa ziwani umemzoea, unamfahamu kwa jina. Ndiyo maana hawezi kuondoka. California kuna upepo gani? Kule upepo wenyewe uko likizo!

— Mwakani watamsoma lakini, Ray akaonya. Msimu wa pili wapinzani wanakuwa wameshaangalia kanda zake zote. Wengi huanguka hapo.

— Wamsome mpaka wavae miwani! Mpe mlinzi mmoja imara upande wa kushoto, uone. Miaka mitatu, fainali kuu. Mitano, tunamjengea sanamu.

— Ya kioo, Lorraine akaongeza.

Mlango ulikuwa umefunguka wakati wakibishana kama sanamu ya kioo itastahimili njiwa. Mwanamke wa makamo aliingia, koti lake jepesi kuliko hali ya hewa, akauliza kama wanayo kahawa yenye chikori, ile mizizi inayosagwa na kahawa kule kusini.

— Yenye nini, mama? Doreen akauliza.

— Basi nipe yoyote ya moto.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akasimama kando ya benchi akiwasikiliza. Emmett, aliyependa kusikilizwa, akapandisha sauti. Akamsifu Tavion miguu, akamsifu shingo, akamsifu utulivu. Mwanamke akasubiri apumue.

— Samahani, baba. Huyo kijana mnayemsema, jioni anakula na nani?

Ray akafungua mdomo.

— Kwa wastani...

Akaufunga. Lorraine akamtazama Emmett. Emmett akatazama dirishani. Walijua uzito wake, kimo chake, shule alizosoma na mguu aliouvunja akiwa na miaka kumi. Hili hawakulijua.

— Ana wenzake wa timu, Lorraine akajaribu.

— Wana wake zao na watoto wao. Mimi naitwa Verlene. Ni shangazi yake, ndimi niliyemlea. Jana nimelala kwake. Friji ina haradali na maji ya chupa. Nikamuuliza, mbona hao wa California hujawakataa? Akaniambia, "Shangazi, hapa kila mtu ananipungia mkono, halafu anaenda zake nyumbani."

Emmett alihisi uso unamchoma. Mwezi wa kumi na moja alimwona Tavion kituo cha mafuta, amesimama peke yake na mkate uliofungwa kwenye plastiki mkononi. Akampungia. Kijana akapunga, akabaki kidogo kama mtu anayesubiri neno la pili. Emmett akaingia kwenye gari, akaenda zake, akala maharage ya kopo amesimama jikoni, kama anavyokula kila siku tangu mkewe afariki. Na akalala akijiona amekutana na mtu mkubwa.

— Anakula kabichi? akauliza.

— Anakula chochote ambacho hakikutoka kwenye boksi.

— Mimi hupika kabichi na soseji. Sufuria ile ile tuliyokuwa tunapikia watu sita. Sijui kupika kidogo, kwa hiyo siku hizi sipiki.

— Kabichi itamjaza gesi! Ray akapinga. Mchezaji anahitaji samaki.

— Nitaleta makaroni ya jibini, Lorraine akasema. Na kuku. Mtoto wa watu hawezi kulishwa majani.

— Msimu umeisha, mwacheni ale gesi yake!

Verlene hakuwasubiri wamalize. Alibonyeza simu yake, akasema maneno mawili, akamkabidhi Emmett. Emmett Sobczak, aliyekuwa amemzungumzia kijana huyu tangu kiangazi bila kukosa neno, aliishika ile simu kama yai.

— Haloo? ikasema sauti changa, nzito ya usingizi.

— Kijana, Emmett akasema, akakwama. Alitaka kumwambia kuhusu Buffalo. Alitaka kumwambia kuhusu televisheni. Mwishowe akasema: mimi ni... mimi ni mzee mmoja tu wa hapa Lagrange. Nataka kupika leo. Shangazi yako anajua. Karibu nyumbani kwangu.

Lorraine akashika mkono wa Ray bila kujua.

— Asante sana, mzee. Nije saa ngapi?

Emmett akawageukia wenzake. Ray alikuwa ameinua vidole sita, Lorraine vinane, na Doreen, mikono imejaa unga, anaonyesha saba.

— Njoo ukisikia njaa, akasema.

— Ninayo sasa hivi.