Marehemu Dominiko Kiluwa Shemhina na Jicho Lake la Kushoto

Mwezi Januari mwaka 1995, uani kwa Mzee Rehani Kiluwa, hapa hapa Kwamndolwa, Grasiana mke wa marehemu alinyolewa nywele mbele ya ukoo, akaambiwa kwamba amelila jicho la mumewe kwa uchawi. Hakulila. Hilo litajwe kwanza, kwa sababu maisha ya Dominiko hayaelezeki bila kupita hapo, na wengi waliokuwepo siku ile wamekaa nasi leo. Baada ya hapo yatasemwa mazuri yake, nayo ni mengi.

Dominiko alizaliwa Kwamndolwa tarehe 14 Agosti 1956, mtoto wa pili wa Mzee Kiluwa Shemhina na Mama Hajira. Kaka yake Rehani alimtangulia kwa miaka mitano. Kwao dini zilikuwa mbili na chungu kimoja: baba alikwenda kanisani, mama aliswali, na watoto wakagawanywa, Rehani kwa mama na Dominiko kwa baba. Haki ya mtu asinyimwe hata kama amekukosea, kwa hiyo isemwe pia kwamba Rehani ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni kuvuka kijito kila masika, mpaka Dominiko alipofika darasa la tatu na miguu yake ikawa inaburuta majini. Mama Hajira alikuwa akiwaona wakirudi anacheka, anasema, "Mwanangu ana miguu minne."

Alianza shule ya msingi Kwamndolwa mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuchaguliwa kuendelea. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja kwenye somo la sayansi alinyoosha mkono akauliza kwa nini mjusi akikatika mkia unaota mwingine, na babu yake aliyekatwa kidole na panga kidole hakikuota. Mwalimu akamjibu, "Kwa sababu babu yako si mjusi. Kaa chini." Darasa zima likacheka, na toka siku hiyo wenzake wakamwita Mjusi. Hakukasirika. Mpaka utu uzima, ukimwita Mjusi sokoni Korogwe, aligeuka na kuitika.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye shamba la mkonge, kwanza kukata, kisha akapelekwa kwenye mashine ya kufunga marobota ya nyuzi. Mwaka 1991, mkonge ulipokosa bei na serikali ilipokwisha kuruhusu kila mtu afanye biashara yake, aliacha shamba akajiunga na kaka yake. Mzee Rehani alikuwa amenunua lori kuukuu. Wakawa wanakwenda Handeni kununua mahindi, wanashusha Korogwe na Mkumbara. Kazi ilikubali. Nyumba iliyopo pale juu, ambako leo mmeweka viti na maturubai, Dominiko aliijenga kwa kazi hiyo.

Ndoa yake na Grasiana binti Dominiko, aliifuata Makuyuni, na jina la mkwewe kufanana na lake lilimfurahisha kuliko mahari. Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981, wakajaliwa mabinti wawili, Neema na Josefina. Grasiana hakusoma hata siku moja. Dominiko hakuwahi kumcheka kwa hilo. Alimsomea matangazo ya barabarani kama mtu anayemwonyesha shamba lake.

Novemba 1994 walikuwa Handeni wanapakia magunia. Wanaojua lori wanajua kwamba mzigo hukazwa kwa gongo, kipande kinene cha mti: unalipitisha kwenye kamba, unalizungusha mpaka kamba inalia, na aliyelishika haliachi mpaka mwenzake afunge fundo. Aliyelishika alikuwa Mzee Rehani. Aliyeinama kufunga fundo alikuwa Dominiko. Mteja akaita kutoka ng'ambo, Mzee Rehani akainua mkono kumpungia, gongo likamponyoka. Likazunguka na nguvu zote za kamba ile, likampiga Dominiko juu ya nyusi ya kushoto.

Hakukuwa na damu nyingi. Jicho lilivimba likafumba. Uvimbe uliposhuka, jicho lilikuwa zuri, jeupe, halina hata kovu, na halikuona kitu. Ukilitazama lilikutazama. Hapo ndipo watu walipokosea, maana jicho tunalolijua sisi likipofuka huweka mtoto wa jicho, au hutoka maji, au hunywea. Jicho zima lisiloona hatukuwa tumeliona. Kidonda kilikuwa juu ya nyusi na kilishapona, kwa hiyo hakuna aliyelihesabia gongo kosa. Mzee Rehani akaleta mganga, mganga akauliza nani analala karibu na jicho hilo. Yaliyofuata yametajwa mwanzoni. Grasiana alirudi Makuyuni kwa mama yake na kichwa kitupu, na wanawe wakabaki. Dominiko alikuwepo uani, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, na hakusema neno. Hilo nalo liandikwe.

Miaka iliyofuata Dominiko aliishi kama mtu aliyehama nyumbani kwake. Lori liliuzwa. Mwaka 1998 alipata kazi Mkumbara, kwenye mabwawa ya mradi wa utafiti uliokuwa ukifuga perege. Alidhani wanafuga wa kuliwa. Mwenye mradi alikuwa Dokta Yusra, mama mfupi mwenye kucheka kwa sauti, na alichokuwa akikitafuta ndani ya perege kilikuwa mshipa wa fahamu wa jicho, ule unaotoka nyuma ya jicho kupeleka habari kwenye ubongo. Samaki aliyeumizwa mshipa huo, baada ya wiki kadhaa huona tena. Dokta alitaka kujua ndani ya chembe za mshipa kunatokea nini.

Siku moja Dokta alimwona Dominiko akimimina chai pembeni ya kikombe.

"Mzee Dominiko, jicho gani halioni?"

"La kushoto, Dokta. Lilirogwa."

"Lilirogwa lini?"

"Baada ya gongo la lori."

Dokta akachukua tochi, akamkalisha kivulini. Alipomulika jicho la kulia, mboni zote mbili zilibana. Alipohamishia mwanga kwenye la kushoto, zikalegea zote, kana kwamba tochi imezimwa. Akarudia. Akamshikisha kioo aone mwenyewe.

"Jicho lako ni zima," akamwambia. "Mlango upo, mwanga unaingia. Kilichokufa ni njia ya nyuma. Pigo la hapa juu ya nyusi husukuma nguvu mpaka ndani, pale mshipa unapopita kwenye tundu jembamba la mfupa. Unaminywa siku hiyo hiyo. Huyo aliyekuroga alikuwa gongo."

Dominiko aliuliza swali lake lile lile la darasani: kwa nini samaki ndiyo na yeye siyo. Safari hii hakuambiwa akae chini. Dokta alimweleza kwamba kila chembe hai imebeba maagizo yake yote ndani, ambayo wasomi huyaita jeni, lakini hayafanyi kazi yote kwa pamoja. Mengine yako macho, mengine yamelala. Mshipa wa perege ukiumia, maagizo ya kuota huamka na kubaki macho mpaka mshipa ufike ulikokuwa unakwenda. Kwa binadamu maagizo hayo hayo yapo, tulikuwa nayo macho tukiwa tumboni, kisha yakalala. Mshipa ukiumia yanajaribu kuamka, yanasinzia tena, na yanayoamka kwa nguvu ni yale yanayoiamuru chembe ife. Kuna watu duniani, alisema, wanaotafuta namna ya kuyaamsha ya kwanza na kuyatuliza ya pili. Hawajaipata.

"Kwa hiyo mimi halitarudi," Dominiko akasema.

"Lako halitarudi, mzee wangu. Nisikudanganye."

Wenzake wa bwawani walidhani atalia. Aliomba ruhusa na baiskeli.

Alifika Makuyuni jioni, tarehe 20 Machi 1999. Mama mkwe alimwona kwa mbali akaingia ndani na kufunga mlango. Grasiana alikuwa anamenya mihogo, hakuinuka.

"Karibu, Baba Neema. Umeniletea na jicho la kulia?"

Dominiko akachuchumaa, akamweleza yote, gongo, tochi na perege. Alipoona mambo ya jeni yanampita mkewe, akachukua kijiti cha muhogo.

"Huu ukiukata ukauchomeka, unaota, sivyo? Na bua la hindi je?"

"Bua la hindi ukilikata umelikata."

"Basi samaki ni muhogo. Mimi ni hindi. Hukuhusika, Mama Neema. Hukuhusika hata kidogo."

Grasiana alimenya mihogo miwili mizima kabla ya kujibu.

"Miaka yote hii mimi nimesema sikufanya, hukusikia. Perege amesema mara moja, umepanda baiskeli."

"Ndiyo."

"Perege mwenyewe hana hata mdomo wa maana."

Wakacheka wote wawili, na mama mkwe akafungua mlango kuona kuna nini. Grasiana hakurudi naye siku hiyo. Alimwacha aje tena na tena mpaka mavuno, kila mara na samaki, na mama mkwe akawa wa kwanza kusema, "Mwanangu, nenda, tumechoka na miiba."

Kuanzia hapo mpaka kufa kwake Dominiko alikuwa mtu wa raha, na nyumba yake ilikuwa ya raha. Mradi ulipofungwa mwaka 2001 alichimba bwawa lake mwenyewe nyuma ya nyumba, na wengi wenu mmekula perege wake. Njiani Grasiana alitembea kushoto kwake siku zote, na akisema "gari," Dominiko alisogea bila kuuliza. Mezani mkewe aligusisha kikombe kwenye mdomo wa birika, ndipo mumewe alipomimina. Aliyewaona alidhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi, na pia chai isimwagike.

Lakini alikuwa na jambo moja lililombana. Mwaka ule ule aliomrudisha mkewe alikwenda kwa kaka yake na tochi ya betri mbili, akaketi uani pale pale, akamwomba ajionee. Mzee Rehani akamulika la kulia, akamulika la kushoto, akaona. Akazima tochi akasema, "Hata tochi inarogwa." Watu wakacheka na kikao kikaisha. Mwaka 2002 walikuja wageni kutoka Handeni kumposa Neema. Walipokelewa, wakala, wakafurahi. Kabla ya kuondoka wakadokezwa barabarani kwamba mama wa binti alinyolewa. Hawakurudi. Neema anajua, na hakuwahi kumlaumu mtu, ila alizificha kanga alizokuwa amenunuliwa kwa harusi, na wala haulizwi ziko wapi.

Mwezi Februari 2004 Dominiko alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Hospitalini walisema moyo wake umepanuka. Alitibiwa Korogwe, akarudi nyumbani, akarudishwa tena mwezi Mei. Hakulalamika. Aliwatania wauguzi kwamba wakimchoma sindano wasimame kulia ili aone adui anakotokea. Mzee Rehani alikuja kumwona kila Ijumaa, na matunda, na uji, na hili nalo ni haki yake, asinyimwe. Ijumaa moja Dominiko alimshika mkono.

"Kaka, ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nibebe na hili. Liseme uani, mbele ya wale wale."

"Tutazungumza, mdogo wangu. Upone kwanza."

"Jambo hili halingoji nipone."

"Basi baada ya mavuno."

Dominiko alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Juni 2004, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Mkewe alikuwa amekaa upande wa kushoto wa kitanda. Mahindi yalikuwa bado mabichi shambani.

Ameacha mke, Grasiana. Mabinti wawili, Neema na Josefina. Mama yake mzazi, Bibi Hajira. Kaka yake, Mzee Rehani, pamoja na watoto na wajukuu wa nyumba hiyo. Na Dokta Yusra, aliyesafiri kutoka Dar es Salaam jana na ambaye familia inamshukuru kwa kuja.

Kwa desturi yetu, kabla ya udongo kuingia, msemaji wa familia huuliza kama kuna anayemdai marehemu, na kama kuna anayedaiwa naye. Familia imeulizana. Marehemu hadaiwi na mtu. Anayedaiwa naye ni mmoja, kaka yake, Mzee Rehani Kiluwa Shemhina. Halidaiwi lori wala gongo. Mkono wa mtu huponyoka. Linadaiwa neno moja, kwamba Grasiana hakulila jicho la mumewe, lisemwe kwa sauti uani kwake Kwamndolwa, ukoo ukiwa umekaa, na Neema akisikia. Dominiko amelala, Mungu ampe pumziko lake. Matanga yanamalizwa Jumamosi. Neno hilo lisiposemwa kabla watu hawajatawanyika, Mzee Rehani atakuwa bado anadaiwa, na baada ya mumewe anayedai ni Grasiana.