Moshi wa Alhamisi Nyumbani kwa Kiiskilä

Wasikilizaji wapendwa, tangu Alhamisi simu ya hapa kituoni haijapumzika. Na nyote mnauliza jambo moja. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto alinifokea kabisa: "Wewe si ndiye mwenye redio? Bomba la moshi la sauna ya kina Kiiskilä linafuka, na leo si Jumamosi! Kuna nini pale?"

Nitajibu. Lakini kwanza tumtaje mwenye nyumba.

Tauno Kiiskilä amefariki dunia. Tauno, beki na nahodha wa Wakata Magogo wa Hakokoski, timu yetu ya magongo ya barafuni. Nahodha aliyeleta ubingwa hapa, na mwaka uliofuata akautetea mbele ya watu waliotucheka. Ameondoka akiwa na miaka sabini na mmoja. Tauno Kiiskilä, wasikilizaji. Wazazi wa wengi wenu walivunjiwa madirisha naye alipokuwa mdogo.

Alizaliwa katika sauna ya uani kwao, kile chumba cha kuogea kwa mvuke tunachokiwasha kila Jumamosi, kama watoto wengi wa enzi zile, maana ndicho kilikuwa chumba chenye joto na maji safi. Baba yake, mzee Nestori, alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Kila baridi ilipokaza, mzee alimwaga maji uani, yakaganda, na hapo Tauno akajifunza kusimama juu ya viatu vya chuma vya kutelezea kabla hajajua kufunga vifungo vya koti. Hakuwa na mbio. Hakuwa na madaha. Kipaji chake kilikuwa kimoja tu: mkipiga kile kisahani kigumu cha mchezo, yeye analala mbele yake. Meno ya mbele yalimtoka mapema, na akawa anapiga mluzi kupitia lile pengo.

Sasa tuje kwenye ubingwa wa kwanza, kwa sababu bila huo hamtaelewa wa pili.

Mnajua desturi. Bingwa akishachukua kombe, kombe linapelekwa sauna. Kombe lenyewe tunaliita Kijana, na likishaingia kwenye mvuke watu wanapigiana simu nchi nzima: Kijana kaoga! Mwaka ule tulipotwaa ubingwa kwa mara ya kwanza, Tauno alimpeleka Kijana kwenye sauna ya baba yake. Timu nzima ikabanana kwenye mabao ya kukalia. Wakamweka Kijana juu kabisa, karibu na mawe ya moto, kama mgeni wa heshima. Mzee Nestori akashika kata, akamwaga maji juu ya mawe. Akamwaga tena. Vijana wakashangilia, naye akamwaga ya tatu, kwa furaha.

Kijana akalia paa! Kitako cha mti kikapasuka katikati, gundi ya zamani ikaachia, na kikombe cha fedha kikalala ubavu.

Wasikilizaji, mzee yule alikuwa amemwaga maji kwenye mawe yale maisha yake yote. Ni kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya, na tulilifanya kwa mapenzi. Lakini magazeti ya mji mkuu, Helsinki, yaliona nini? Yalimchora mzee Nestori amevaa aproni, anakoroga kombe kwenye sufuria. Yakaandika kwamba washamba wa msituni wamebahatisha ubingwa, na hata kombe hawajui kulitunza. Chama cha ligi nacho kikatoa amri: kuanzia sasa, kombe halitoki nje ya uwanja.

Mzee Nestori akazima moto. Jumamosi ikaja, majirani wote wanafuka moshi, kwake kimya. Jumamosi nyingine, kimya. Hakuja tena uwanjani. Dukani alikwenda asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Binti wa Tauno, Saimi, alikuwa bado mtoto, lakini anakumbuka. Ameniambia: "Babu alikuwa anaoga kwenye karai jikoni, kama mgonjwa. Bibi alikuwa anageukia ukutani ili asimwone."

Hilo ndilo lililomkaa Tauno kooni. Si kombe. Kombe lilitengenezwa likapona. Baba yake ndiye hakupona. Na Tauno akaona dawa ni moja: Kijana arudi kwenye sauna ileile, na kata aishike mzee yuleyule. Kwa hiyo ilibidi ashinde tena, kisha avunje amri.

Alimwambia mkewe Kerttu siku ya kwanza ya mazoezi. Kerttu yupo hai, nilikaa naye jana tukinywa kahawa. Anasema: "Nilimwambia, wewe mwanamume, una miaka thelathini na mitano na goti moja. Akanijibu, hilo moja linatosha."

Basi tukafika fainali, sisi mabingwa watetezi, dhidi ya Mbweha wa Bahari wa Helsinki. Timu yenye wachezaji wa kununuliwa, basi lenye viti vya ngozi, na mdomo. Mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi mara nne. Kule kwao mashabiki walitupungia mataulo. Waliturushia vipande vya sabuni kwenye barafu. "Wapika vikombe! Leteni na chumvi!" Tauno aliokota kipande kimoja cha sabuni, akakinusa, akakiweka ndani ya glovu yake. Golikipa wetu akamuuliza, "Sasa hiyo ya nini?"

"Nitaihitaji. Nina mtu wa kumwogesha."

Tukapigwa kwao, tukawapiga kwetu, tukapigwa tena, tukawapiga tena. Mchezo wa tano tuliuchukua Helsinki katika muda wa nyongeza, wakayakunja mataulo yao. Ikabaki mechi moja. Jumapili mchana, hapa Hakokoski. Tukishinda hiyo, tumetetea ubingwa.

Asubuhi ya Jumapili Tauno alikwenda kwa baba yake. Ndevu zimemfika kifuani, maana mpaka fainali iishe hakuna anayenyoa. Kerttu alikuwa naye, na maneno haya ni ya Kerttu.

"Mzee, washa moto."

"Siwashi."

"Nakuja na mgeni baada ya mechi."

"Mgeni huyo anajulikana, na amekatazwa kutoka. Usinitie aibu mara mbili, Tauno."

"Aibu gani? Ulimkaribisha mgeni kwa moto wako wote. Aliyepasuka ni yeye."

"Toka nyumbani kwangu, ukacheze."

Tauno akatoka. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Kuni kavu ziko upande wa kushoto."

Mechi ile mnaikumbuka. Wasioikumbuka wamesimuliwa mpaka wamechoka. Kipindi cha tatu tulikuwa mbele kwa mabao matatu kwa mawili, na Mbweha wametukalia shingoni. Tauno alishalala mbele ya mashuti mpaka mkono wa kushoto ukavimba ndani ya glovu. Akakaa benchi, anahema, haoni vizuri. Kocha akamwambia, "Imetosha, kapteni. Kaa."

Hapo Kerttu akatokea akikimbia nyuma ya benchi. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa mkwewe kumchukua Saimi. Akawasukuma walinzi, akapiga kioo cha ukingo wa uwanja kwa ngumi mbili.

"Tauno! Bomba linafuka! Linafuka, mume wangu! Mzee kawasha!"

Tauno aliruka ukuta wa benchi akarudi barafuni bila kuitwa, na mwenzake akatoka mbio kumpisha ili tusihesabiwe kosa. Mbweha wakamtoa golikipa wao, wakaweka mshambuliaji mahali pake, wakaja watu sita kama nyuki. Likapigwa shuti, akalala, likampiga mbavu. Likapigwa la pili akiwa bado chini, akaweka uso. Kengele ikalia kisahani kikiwa chini ya tumbo lake. Hakokoski mabingwa! Mabingwa watetezi, wametetea. Nasema tena kwa wale wa Helsinki wanaotusikia: tulitetea.

Wakapeana mikono, timu na timu, mstari mzima, kama inavyopasa. Nahodha wa Mbweha akamwambia Tauno, "Wewe si binadamu, wewe ni mlango." Kisha likaletwa kombe. Mwangalizi wake, bwana Lindfors wa chama cha ligi, alikuwa amevaa glovu nyeupe na suti ya kijivu. Akasema kwa upole, "Hongera, kapteni. Ulizungushe uwanjani, kisha unirudishie."

Tauno akalizungusha mara moja. Kisha, badala ya kurudi, akapita lile lango linalotokea mashine ya kusawazisha barafu, akatoka nje moja kwa moja kwenye theluji, na viatu vyake vya chuma miguuni.

"Kapteni! Amri ni amri!"

"Basi lishike kwa huko chini, bwana Lindfors, uilinde amri yako. Usilegeze. Njia inateleza."

Na bwana Lindfors akashika kitako. Angefanya nini? Wakatembea hivyo kupita mbele ya kanisa, kupita duka la mikate, Tauno anavuja damu kwenye ndevu, yule bwana anajikwaa na viatu vya mjini, na Hakokoski nzima inawafuata nyuma inaimba. Wengine walikuwa wanalia wakiimba. Mimi pia nililia, na sitaki kusikia mtu ananicheka.

Mzee Nestori alikuwa amesimama mlangoni pa sauna na taulo kiunoni. Alipoona umati, alitaka kurudi ndani. Tauno akamwambia, "Mgeni kafika, mzee."

Kwenye sauna haingii mtu na suti, hata angekuwa rais. Bwana Lindfors alivua glovu nyeupe, akavua na vilivyobaki, akakaa kwenye bao la chini akiwa kama alivyozaliwa, mkono mmoja bado kwenye kombe. Safari hii Kijana aliwekwa chini, mbali na mawe, amefungwa taulo mbichi. Wakata Magogo hawarudii kosa. Wanarudia ubingwa.

Mzee akashika kata. Akasita, maji yakamwagika sakafuni.

"Likipasuka?"

"Tutaliunga," Tauno akasema. "Mwaga, baba. Lilishaungwa likapona. Wewe ndiye tumeshindwa kukuunga mwaka mzima."

Mzee bado amesimama tu. Ndipo bwana Lindfors, mwekundu tayari, akakohoa, akasema, "Samahani, mzee. Nimetembea kwenye theluji mpaka vidole vimekufa ganzi. Hapa pana baridi. Hamna maji?"

Wanaume wakaangua kicheko, na mzee Nestori akacheka nao, mara ya kwanza baada ya mwaka. Akamwaga. Mawe yakanguruma. Tauno akatoa kipande cha sabuni ya Helsinki kwenye glovu yake, akamsugua baba yake mgongo.

Chama kilimfungia Tauno mwanzoni mwa msimu uliofuata. Aliulizwa kama anajuta. Akasema anajuta kwamba bwana Lindfors alitoka mapema. Na ile amri? Haijasikika tena. Kila bingwa anampeleka Kijana sauna, hata hao Mbweha.

Miaka ikapita, mzee Nestori akafa, na Tauno akamwosha katika sauna ileile, kwa mkono wake, kama wahenga wetu walivyooshana. Wasikilizaji, mwosha huoshwa. Wiki iliyopita moyo wa Tauno ulisimama hospitalini. Saimi aliomba mwili wa baba yake. Akaambiwa siku hizi mambo hayo hayafanyiki, kuna watu wa kazi hiyo, kuna chumba chake. Mkubwa mmoja akamwambia, "Mama, amri ni amri."

Saimi akamjibu, "Basi shika miguu, unisaidie kumbeba."

Kwa hiyo, wewe mama wa ng'ambo ya mto uliyenifokea, na ninyi nyote mliopiga simu: mliona moshi Alhamisi kwa sababu Tauno Kiiskilä alikuwa anaogeshwa. Kerttu alishika taulo. Saimi alishika kata. Aliwasha moto mdogo tu, wa kupasha maji, akamwosha baba yake mahali alipozaliwa.

Kerttu, Saimi, na ukoo wote wa Kiiskilä, mji huu unawapa pole, na pole zetu si za mdomo tu. Mazishi ni kesho saa sita. Wakata Magogo wa zamani watabeba jeneza, na hakuna atakayekuwa amenyoa ndevu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, Jumamosi hii kabla hujawasha moto kwako, toka uani uangalie mabomba ya majirani. Kama liko moja ambalo halifuki, usimpigie mtu simu, wala usinipigie mimi. Beba kuni, uende ukagonge mlango.