Fundi Magoti na Chupa za Kahawia

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliowahi kunuka kitunguu saumu kwa sababu ya marehemu: haya ndiyo maisha yake, yameandikwa na binti yake wa kwanza, ambaye pia ndiye anayeyasoma. Binti huyo ni mfamasia. Marehemu alimwomba asiandike kwa kumhurumia. "Andika kama unavyoandika kwenye bahasha ya dawa," alisema. "Kipimo, saa, tahadhari. Basi."

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa mpasua mbao. Mama yake alikuwa mkunga na mtu wa mitishamba, na chumba cha pili hakikuwa cha kulala bali cha mizizi, magome na majani yaliyoning'inizwa kwenye kamba kama nguo. Watoto walilala chini ya dawa. Marehemu alisema ndiyo maana hawakuugua mafua. Dada yake anakumbuka kwamba walipiga chafya mwaka mzima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza 1966. Aliingia sekondari, akasoma miaka miwili, akaacha pale baba yake alipovunjika nyonga na mama akahitaji mtu wa kuchimba mizizi. Hakulalamika, ila vitabu vyake vya kemia hakuvirudisha shuleni. Vipo mpaka leo, vimefungwa kwa gazeti.

Tarehe 1 Julai 1972 aliajiriwa kuwa mfagiaji katika maabara ya chuo cha ualimu. Miaka mitatu baadaye alikuwa mtunza maabara, mwenye koti jeupe, funguo kumi na moja na sauti ya kuwafokea wanafunzi wanaokaa juu ya meza. Alidumu hapo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2009. Katika miaka hiyo thelathini na saba vilivunjika vyombo vya kioo mia nne na sita, na yeye mwenyewe alivunja viwili. Tunajua kwa sababu aliandika. Marehemu aliandika kila kitu.

Jambo lililompa jina lake lilitokea mwaka 1974. Kulikuwa na kiyeyusho kimoja pale maabara, kimiminika kisicho na rangi, kizito kidogo kuliko maji, ambacho asubuhi za baridi kiliganda chupani kama mafuta ya kupikia. Siku moja kilimmwagikia mkononi. Alijifuta, akaendelea na kazi. Dakika chache baadaye alisikia ladha ya kitunguu saumu mdomoni, na alikuwa hajala kitu tangu jana yake. Akakimwaga tena, safari hii kwa makusudi, akatazama saa. Ladha ilirudi. Kitu kilichogusa mkono kilikuwa kimefika ulimini bila kupitia mdomoni. Mtu mwingine angeogopa. Yeye alimkumbuka mama yake, aliyekuwa akisugua magoti ya wazee kwa majani mpaka viganja vyake vikachubuka, akiomba dawa iingie ndani.

Ndivyo alivyoanza kuchanganya. Alichemsha mkaratusi na tangawizi, akakamua utomvu wa shubiri, akachuja mara tatu kwa karatasi, kisha akatia kiyeyusho alichonunua mwenyewe kwenye duka la kemikali. Kiyeyusho alikiita Mpagazi. Mchanganyiko aliuweka katika chupa za kahawia ili jua lisiuharibu. Walioupaka kwenye magoti, viuno na mabega walisema wamepata nafuu, wakaja na jirani zao, na kabla ya mwaka kwisha mtaa mzima ulikuwa ukimwita Fundi Magoti. Foleni ya posta ilitosha kukuonyesha nani ni mgonjwa wake. Ulikuwa unawanusa tu.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1977 na fundi cherehani aliyekuwa akishona makoti ya maabara. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni alikuwa ameteguka bega, akalipaka dawa yake asubuhi. Baba mkwe alimvumilia kwa muda, kisha akashindwa.

"Kijana, kazi yako ni ya jikoni?"

"Hapana, mzee. Ya maabara."

"Na huko mnapika nini?"

Mama yetu alicheka mbele ya wazee, jambo ambalo halikutakiwa. Walijaliwa watoto watatu na miaka arobaini na mitano ya ndoa, na katika miaka hiyo Mama alitamka neno "fungua dirisha" mara nyingi kuliko jina la mumewe.

Wasifu huu hauwezi kuiruka tarehe 17 Agosti 1998. Mtunza bustani wa chuo, rafiki wa marehemu, alikuwa amepulizia mawaridi dawa ya wadudu tangu asubuhi, suruali imelowa mpaka mapajani. Magoti yalimuuma. Alipita maabara, akachukua chupa yake, akajipaka palepale juu ya ngozi yenye sumu. Baada ya nusu saa alianza kutokwa jasho na mate, akitetemeka, mboni za macho zimesinyaa. Marehemu hakutafuta maneno. Alimbeba hadi hospitali kwa gari la kuni la chuo, akamwambia daktari kwa kinywa chake, "Dawa yangu ndiyo iliyoingiza sumu. Andika hivyo." Mtunza bustani alikaa wodini siku sita, alikiona cha mtema kuni, akapona. Yupo hapa leo. Ndiye aliyesimama langoni na beseni na sabuni, na hakuna aliyepita bila kunawa.

Maana tangu siku hiyo, beseni lilikaa mlangoni kwa Fundi Magoti. Aliyekuja na kucha chafu alirudishwa. "Huyu ni mpagazi tu," aliwaambia. "Ukimpa jani anabeba jani. Ukimpa uchafu anabeba uchafu. Hana macho." Pia ndiyo siku aliyoanza daftari. Kila mgonjwa alipewa ukurasa wake: tarehe, kinachouma, alichopakwa, na matokeo. Watu mia mbili na kumi na wanne wamo humo. Tisini na saba mbele yao ameandika "nafuu", themanini "vilevile", kumi na wawili "amezidi", na ishirini na watano "hakurudi".

Binti yake aliposomea ufamasia, daftari hilo likawa ugomvi. Kwa miaka kumi na mmoja walibishana kila alipokuja kuwaona. Binti alisema kwamba goti likisuguliwa kwa mkono wenye upendo na likapumzishwa siku tatu, lingepata nafuu hata kwa maji ya bomba. Alisema pia kwamba hakuna aliyewahi kupima mchanganyiko ule ipasavyo, na kwamba kiyeyusho cha dukani hakikutengenezwa kwa ngozi ya mtu. Marehemu alisikiliza, akatikisa kichwa, akamwonyesha zile tisini na saba. Binti akamwonyesha wale kumi na wawili. Mama akawaonyesha wote wawili chakula kinachopoa. Hakuna aliyewahi kumshawishi mwenzake, na inabidi isemwe kwamba binti aliyapenda mabishano hayo, na sasa hajui atabishana na nani.

Kuhusu ugonjwa. Shangazi, yaani dada yake marehemu, aliiomba kamati ya mazishi iandike kwamba alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Haukuwa mfupi. Mwanzoni mwa Januari 2022 marehemu aliona doa jeusi chini ya unyayo wa mguu wa kushoto. Hakumwambia mtu. Alijifungulia ukurasa katika daftari, kama mgonjwa mwingine yeyote, akachukua rula ya plastiki ya maabara, na kila Jumapili baada ya kunawa alilipima doa, akalipaka, akaandika. Alivaa soksi wakati wa joto, na Mama alipouliza alijibu kwamba ni uzee.

Jumapili tarehe 4 Desemba binti alifika bila kupiga simu, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu umepakatwa, rula mkononi. Fundi Magoti alikuwa akichechemea tangu Oktoba na alishajifunza kuchechemea pale tu ambapo hakuna anayetazama. Binti alichukua daftari akasoma. Kulikuwa na Jumapili arobaini na saba. Milimita sita. Sita. Saba. Tisa. Kumi na moja. Kumi na nne. Mbele ya kila namba, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyehesabu vioo vya watu miaka thelathini na saba, kulikuwa na neno moja: nafuu.

Namba hakuzidanganya hata moja. Neno tu ndilo lililodanganya.

Alipelekwa hospitali kesho yake. Daktari alikuwa muungwana na hakupepesa macho: ilikuwa saratani ya ngozi. "Mzee, ungekuja Januari tungekuwa tunazungumza mengine." Januari 2023 alikatwa sehemu ya mguu, lakini ilikuwa imeshafika mapafuni. Wapo waliouliza kwenye msiba huu kama dawa yake ndiyo iliyomuua. Daktari hakusema hivyo, na binti hana ushahidi wa kusema hivyo. Kinachojulikana ni miezi kumi na mmoja ambayo alikuwa na chupa mkononi akiamini anatibiwa.

Mwezi Aprili aliomba aletewe daftari na kalamu nyekundu. Ilimchukua siku mbili, kwa sababu pumzi ilikuwa fupi, lakini alikata "nafuu" zote arobaini na saba, moja moja, kwa rula. Kisha akarudi nyuma, kwenye kurasa za watu wengine, akaufunua mmoja na kuugeuza upande wa binti yake.

"Ile tisini na saba usiisome tena kwa watu," alisema. "Sijui tena ni wangapi. Nilikuwa nikiwauliza, nao walikuwa wakinipenda."

"Baba, pumzika kwanza."

"Huu ukurasa wa themanini na nane. Huyu sikumuuliza, huyu nilimpima. Mbishi kuliko mimi. Ukishindwa kumpeleka hospitali kwa maneno, mpeleke kwa nguvu."

Ukurasa huo una namba tatu, milimita za kidonda kimoja, na zinapanda.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 21 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mama alikuwa amemshika mkono. Dirisha lilikuwa wazi.

Hapa ndipo wasifu ulipaswa kwenda moja kwa moja kwenye majina ya ukoo. Lakini juzi, kamati ilipokuwa inabishana juu ya "muda mfupi", binti aliweka daftari mbele ya Shangazi na kumwachia asome mwenyewe ukurasa wa kaka yake, nyekundu kwa nyeusi. Halafu akamfungulia wa themanini na nane. Shangazi alisoma kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Aliniambia kinapungua," alisema.

"Alijiambia hivyo hata yeye, Shangazi."

"Nina chupa mbili bado ndani."

"Najua. Ziko nyuma ya unga."

Alilia kidogo, kisha akajikaza kisabuni, akauliza kama hotuba imeshapelekwa kupigwa chapa. Aliambiwa bado. "Basi futa ule muda mfupi. Na andika kwamba wa themanini na nane ni mimi. Kuna wenzangu humu wananitazama, wakiona nimekaa bila kwenda hospitali, nao watakaa."

Kwa hiyo imeandikwa. Mliokuja kuuliza nani atarithi chupa, hakuna. Mlizonazo nyumbani ziacheni mezani kwa mtunza bustani, yeye anajua kwa nini. Goti likiuma, lisuguliwe na mtu anayekupenda. Lakini mwenye doa linalokua, uvimbe, au kidonda kisichofunga, asijipimie. Marehemu alikuwa mpimaji bora kuliko wote waliopo hapa, na alishindwa kujisomea namba zake mwenyewe.

Ameacha mjane, fundi cherehani aliyestaafu, watoto watatu, yaani mfamasia, mwalimu wa hesabu na fundi umeme, wajukuu watano, dada mmoja, rafiki mmoja mwenye beseni, na watu mia mbili na kumi na wanne wa daftari, kila mmoja na ukurasa wake.

Baba, naomba nisome mstari wa mwisho kwa nafsi yangu. Jana jioni nilimpima Shangazi kwa rula yako, tumenawa wote wawili. Milimita kumi na mbili. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa naye hospitali. Nimeandika namba, na mbele yake nimepaacha wazi, daktari ndiye atakayepajaza. Wewe kazi ya kupima imekwisha. Pumzika kwa amani.